Jogoo wa Krismasi na Kisu cha Jirani

Bwana asifiwe, wanajumuiya wenzangu. Nilijiambia leo sisemi, lakini mwenyekiti kanitazama kwa jicho lake lile, basi nimesimama. Mkiona nalia niacheni nilie, nitaendelea.

Mie nimekulia Temeke. Baba alikuwa mwalimu, alikuja mjini kutoka bara. Krismasi yetu ilikuwaga na jogoo mmoja tu, na jogoo huyo baba hakumchinja hata siku moja. Alimshika miguu, akavuka naye uchochoro hadi kwa jirani yetu Mwislamu: "Shehe, nisaidie hapa." Kwa nini? Ili pilau ikiiva, nyumba zote ziweze kula. Mama alifunika sahani kwa vitambaa, sie watoto tukazipeleka mlango kwa mlango, na siku ya Idd sahani zilirudi kwetu zimejaa. Nguo zetu za mtumba, lakini jamani, tulivyong'aa kanisani! Nikiikumbuka harufu ya pilau ile, machozi yananilenga.

Nikaolewa, tukajenga hapa Madale, ukuta mrefu na geti. Krismasi ikahamia dukani. Mti wa plastiki, taa za kumetameta, sare za familia nzima za kupigia picha, kuku wa kwenye friza, keki ya kuagiza. Spika tangu alfajiri, mtaa mzima ujue Wakristo wanakaa wapi. Sahani? Nani apeleke, na geti limefungwa? Nilidhani ndivyo Mtoto Yesu anavyoheshimiwa.

Kisha mwenzangu akafariki. Nyie mlikuja, tukamzika pamoja, Mungu awabariki. Desemba ilipofika sikuwa na uwezo wa madude yote yale. Nikawaambia wanangu mwaka huu hakuna Krismasi. Na kanisani nikaacha kuja. Niliona haya, nije na nguo gani? Binti yangu mdogo akaniuliza, "Mama, kwani Krismasi ilikuwa ya baba?" Weee! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kuamkia Krismasi, wifi yangu wa Kinyerezi akaniletea jogoo. Jogoo mkubwa, mkorofi huyo! Nikamfunga uani, namtazama, naye ananitazama. Kuchinja siwezi. Ndipo nikamkumbuka baba na uchochoro wetu. Nikamshika miguu, nikatoka getini.

Jirani yetu ni mzee wa Kihindi, Mwislamu, ana duka la vipuri. Miaka yote tulikuwa tunapungiana mikono tu, kila mtu ndani ya gari lake. Nikagonga.

"Shikamoo mzee. Naomba unichinjie. Kesho ni sikukuu yetu, nataka na nyie mje mle."

Akamwangalia jogoo, akaniangalia mie. "Marahaba, mama. Tangu mmehamia hapa, kila Krismasi nasikia muziki wenu. Leo ndiyo mara ya kwanza mnaniita."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuninunia. Alimwita mkewe alete kisu, akageukia kibla, akasoma bismillahi, akachinja. Mkewe akanifungia bizari kwenye karatasi: "Tia hii, itanoga."

Asubuhi nikavaa gauni langu la siku zote, nikaja kanisani na wanangu. Hakuna aliyenicheka. Mchana mzee na mkewe wakaja, tukala wote, bila mti wala taa. Jioni binti yangu akapeleka sahani nyumba inayofuata, akarudi mbio, "Mama, wamefungua geti! Wamesema asante!" Nikamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikacheka.

Nawashukuru nyie mlioniombea nilipokuwa nimejifungia. Namshukuru wifi yangu. Nawashukuru majirani zangu wale, Mungu awape afya. Nami la kuwaachia ni dogo: sikukuu hii, kabla hujaenda dukani, gonga geti la jirani.

Kwangu jogoo wa mwaka huu yuko uani, anawika tu, hana habari. Na jana mzee kapanda ngazi, kachungulia juu ya ukuta: "Mama, kisu nimeshanoa. Mbona kimya?"