Kurasa Kumi na Moja za Aleyamma

Marehemu Aleyamma Kuruvila alizaliwa hapa Kainakary, kijiji chetu cha mifereji, tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa nne wa mzee Itty, mkulima wa mpunga, na mkewe Mariam. Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1962. Kabati la vitabu la shule lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao mwalimu mkuu, hivyo kwa miaka saba Aleyamma aliviona vitabu kupitia kioo tu. Jambo hilo hakulisahau, na tuseme kweli, hakulisamehe.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Kuruvila, nahodha wa boti ya abiria, mtu wa maneno machache aliyepata mke wa maneno mengi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Sosamma.

Mwaka 1976 aliajiriwa na maktaba ya kijiji. Kila Jumamosi alipiga kasia mfereji hadi mfereji, vitabu vimefungwa kwa nailoni, akigonga nyumba kwa nyumba. Sharti lake lilikuwa moja: kila jioni kabla ya sala, mtoto asome kwa sauti dakika kumi, na mtu mzima akae amsikilize. Jirani yake Omana alikataa, akidai mwanawe ana mtihani.

"Dakika kumi tu, Omana," Aleyamma alimjibu. "Mchele wenyewe unauloweka zaidi ya hapo."

Omana alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuulizia mwenyewe kitabu kinachofuata.

Akiwasomea watoto, alifunga kitabu pale hadithi iliponoga. Walimwita mchoyo. Yeye alisema "Kesho," basi, na kesho yake walijaa barazani kabla hajamaliza kupaa samaki.

Juni 1992 Sosamma aliondoka kwenda kusomea uuguzi, kisha akapata kazi Kuwait. Kitabu walichokuwa wakisoma pamoja kilibaki ukurasa wa 112. Aleyamma aliweka jani la mfenesi hapo na hakusoma mbele. Kuruvila, aliyetutangulia mwaka 2011, alimshauri akimalize mwenyewe; alijibu kwamba hakukianza peke yake. Kila likizo ya Sosamma iliishia kwenye harusi za watu na mafundi wa paa. "Kesho, Mama," alikuwa akisema, hadi siku ya ndege. Mama hakumlaumu. Jani likichakaa, aliweka jingine. Alimkumbuka mwanawe kila jioni kwa zaidi ya miaka thelathini na mmoja.

Januari 2024 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Sosamma aliacha kazi, akarudi, wakafungua ukurasa wa 112. Walisoma ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine zaidi kidogo, siku nyingine nusu. Jioni ya tarehe 13 Mei zilibaki kurasa kumi na moja. Sosamma alitaka waendelee, lakini mama yake aliinua mkono.

"Ishia hapo, mwanangu. Kesho."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei, saa kumi na mbili asubuhi.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake Thankachan, na watoto wa Kainakary, wengine sasa wana mvi. Tukishamaliza kuweka udongo, watoto wasiondoke. Sosamma atasoma kurasa zilizobaki papa hapa, kwa sauti, bila kufunga kitabu.

Pumzika kwa amani, Mama. Ile kesho uliyoisema ndiyo leo.