Bi Mwanapili Mwero na Habari Aliyokataa Kuisoma

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, Bi Mwanapili Mwero anastaafu baada ya kuitumikia Redio Baragumu FM kwa miaka ishirini na miezi minane. Kati yetu sote tulio hapa kituoni, ni yeye na fundi Rai pekee waliokuwapo siku redio hii ilipotamka neno lake la kwanza.

Alizaliwa kijiji cha Waa, hapa Kwale, mwaka uliofuata uhuru. Redio ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya baba yake, na hupenda kusimulia jinsi wanakijiji walivyokuwa wakijazana barazani kusikiliza habari kutoka Nairobi. Habari zilikuwa nzuri, asema, lakini hata siku moja hakuisikia Waa ikitajwa. Alipokua akawa mwalimu wa chekechea. Mwaka 2004 aliposikia kwamba watu wa Ukunda wanafungua redio yao, akaacha chaki akaja kuomba kazi, naye ana umri wa miaka arobaini.

Kazi yenyewe haikuwa na sura ya kazi. Kituo kilikuwa chumba kimoja juu ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiwashwa, habari husimama. Kuta zilihitaji kitu cha kumeza mwangwi na fedha za kununulia hazikuwapo, kwa hiyo Bi Mwanapili alizunguka jikoni za mahoteli ya Diani akiomba trei tupu za mayai. Alizigandisha ukutani kwa mkono wake, trei mia mbili na kitu. Sauti ikatulia, lakini sisimizi wakahamia, na kwa wiki mbili watangazaji walisoma habari huku wakijikuna.

Siku ya kwanza hewani, Rai alipanda baiskeli na redio ndogo begani, akaelekea kusini ili ajue sauti inafika wapi. Alipiga kutoka kibanda cha simu: "Bi Mwanapili, umenifia hapa Gazi!" Msambweni hawakutusikia mwaka ule wala uliofuata. Ilitubidi tungoje mlingoti mpya kilimani, mwaka 2009, ndipo tukafika Msambweni, Funzi na Kikoneni.

Bi Mwanapili alitangaza harusi, misiba, ng'ombe waliopotea, bei ya nazi na tarehe za chanjo. Lakini mimi ninayeandika haya nitamkumbuka kwa habari moja ambayo hakuitangaza. Niliiandika mimi.

Ilikuwa asubuhi ya Machi 2011. Mtu alipiga simu kutoka Kikoneni akisema kisima kimetiwa sumu, mbuzi wanne wamekufa, na aliyefanya hivyo ni Jemima, mama aliyehamia kutoka bara akakodi shamba la mboga kando ya kisima. Watu walikuwa wamewahi kumwona akipulizia dawa sukuma wiki zake. Nilikuwa mgeni kazini na nilikuwa na haraka ya kujulikana. Kwa dakika tano habari ilikuwa tayari, jina la mama yule likiwa kwenye sentensi ya kwanza.

Bi Mwanapili aliisoma kimya, akaniangalia.

"Abdurahman, ni nani aliyekunywa akafa?"

"Mbuzi wamekufa, Bi."

"Mbuzi hula pia. Mimi nakuuliza juu ya kunywa."

Meneja wetu wa wakati huo alisema tusipoitoa, redio nyingine itatutangulia. "Na watutangulie," Bi Mwanapili akasema. "Nyumba ya mtu ikishachomwa, haijengwi kwa kusahihisha habari." Akaikunja karatasi yangu, akaitia mkobani, akapanda nyuma ya pikipiki ya Rai.

Rai anasema waliwakuta wanaume kama ishirini nje ya nyumba ya Jemima, mmoja ameshika galoni ya mafuta ya taa. Mama yule alikuwa amejifungia ndani na watoto wake wawili. Bi Mwanapili aliteremka, akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo kwa shikamoo, hata waliokuwa wakipiga kelele wakalazimika kuitikia marahaba. Kisha akamwomba mwenye mbuzi, Mzee Nzai, amwonyeshe mizoga. Akampigia simu daktari wa mifugo Msambweni, akaketi mlangoni kwa Jemima, akangoja. Alingoja saa mbili. Hakuna aliyemsogelea.

Daktari alipowapasua mbuzi wale, aliyakuta matumbo yamejaa maganda ya muhogo mchungu, ambayo yana sumu. Mzee Nzai akayatambua. Yalikuwa yametupwa nyuma ya jiko lake mwenyewe, jana yake.

Hapo ndipo Bi Mwanapili aliponipigia simu akaniambia nimuunganishe hewani. Yeye hakusema maganda ni ya nani. Alimpa mzee simu tu. Tukasikia sauti nzito: "Mimi Nzai wa Kikoneni nasema, mbuzi wangu wameuawa na maganda ya nyumbani kwangu. Mama Jemima hana kosa. Naye anisamehe." Nyuma yake mtu akapaza sauti kwamba maji bado yana shaka. Tukasikia ndoo ikigonga ukingo wa kisima, kisha "Bismillahi," kisha mtu akinywa, mafunda matatu. "Ni matamu," akasema Bi Mwanapili. "Watoto wa Jemima wameyanywa tangu alfajiri, na ni wazima. Haya, tuendelee na bei ya nazi."

Hakunigombeza aliporudi. Alinirudishia karatasi yangu na kuniambia niihifadhi, na mpaka leo iko kwenye droo yangu. Tangu siku hiyo kituo kina kanuni: habari ya sumu, kifo au moto haisomwi kabla mtu wetu hajafika mahali penyewe. Kwa kanuni hiyo tumetanguliwa mara nyingi, na hatujajuta hata mara moja.

Jemima bado analima Kikoneni. Mkewe Mzee Nzai ndiye anayempelekea mboga sokoni na kumuuzia.

Bi Mwanapili, kwa niaba ya wote tunaoketi mbele ya kipaza sauti hiki, asante. Umetufundisha kutamka majina ya watu kana kwamba wenyewe wamesimama mlangoni wanasikiliza. Umeamka saa kumi alfajiri kwa miaka ishirini ili Kwale iamke na habari za kweli. Kuanzia Jumamosi, lala. Mungu akujaalie afya, shamba lenye mvua, na wajukuu wengi. Nasi tukikosea, tunajua utapiga simu.

Abdurahman Kibwana
Mhariri wa Habari