Mjaka Ame, Aliyemzika Riyama kwa Sekunde Thelathini

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Mjaka Ame anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuandika matangazo ya vipindi hapa kituoni kwetu, Mji Mkongwe. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watazamaji nini kinakuja. Kilichokuja kikiwa kitu chengine, hiyo si idara yake.

Ni yeye aliyeandika "Kisiwa kizima kitasimama!" kwa kipindi cha kupika biriani. Kisiwa hakikusimama, umeme ulikatika, tukakaa. Ni yeye aliyetangaza "sehemu ya mwisho kabisa" ya tamthilia moja mara kumi na moja. Filamu yetu ya pomboo wa Kizimkazi aliiita mapambano ya kutisha baharini. Pomboo walionekana mara mbili, tena migongo tu.

Lakini ufundi wake hasa tuliuona mwaka 2021. Tamthilia inadorora, Mjaka akaona bora amuue mhusika mkuu kwa tangazo la sekunde thelathini, ingawa kwenye kipindi chenyewe hafi, lisomwe kwa sauti ile ile ya matangazo ya vifo: tunasikitika kutangaza kifo cha Riyama wa Matemwe, maziko leo saa tatu usiku, ndiyo saa ya kipindi. Kumbe mwigizaji naye anaitwa Riyama, naye ni wa Matemwe, maana mwandishi wetu mvivu wa kutafuta majina.

Watu wa Matemwe walisikia wako jikoni, hawakutazama. Saa moja haijesha, mikeka ishatandikwa, masufuria yako njiani, wanaume washashika majembe. Riyama mwenyewe anarudi kutoka dukani na mkate wake, anaambiwa apishe, maiti anakuja! Bibi yake, Bi Kazija, keshazimia mara mbili.

Alipozinduka akasema mjukuu wake haigizi tena. Bila ya Riyama hakuna tamthilia, na bila ya tamthilia nusu yetu tungerudi makwetu.

Mjaka akapelekwa Matemwe kuomba radhi. Akaanza kama kawaida yake, eti Afrika Mashariki yote inalia. Bi Kazija akamkata: "We baba, hebu sema neno moja la kweli, nkuone."

Tuliokuwepo tunaapa tulimsikia kwa masikio yetu. Alisema: "Nliongopa, Bi. Na tamthilia yenyewe ya kawaida tu."

Bi Kazija akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akamwachia mjukuu, kwa sharti moja: kila tangazo asomewe yeye kwanza, kwa simu.

Tokea hapo mhariri wetu mkuu hana ofisi wala mkataba, yuko Matemwe anaanika mwani. "La kusisimua" hulifuta. "Kabisa" hulifuta. Na watazamaji, ajabu, wakaongezeka. Tukisema kipindi kizuri, wanajua kizuri.

Wasifu huu pia nimemsomea Bi Kazija kwa simu asubuhi. Niliandika Mjaka ni bingwa kutoka hapa mpaka Maskati. Kafuta. Niliandika tutalia mwaka mzima. Kafuta: "Mtalia mpaka chai iishe."

Yaliyobaki ni haya. Alitufundisha kazi, na makosa yake aliyabeba mwenyewe. Ahsante, Mzee Mjaka. Mungu akupe afya na mapumziko ya raha.

Hayo Bi Kazija kayaacha.