Koti la Byabato

Basi la kutoka Muleba kwenda Bukoba lilikuwa na joto, lakini Byabato alifunga koti mpaka shingoni. Mkewe Kokugonza, aliyempakata kuku wa kumpelekea mganga, alijua sababu: mumewe alikuwa ameota matiti, na kijiji kizima cha ujamaa kilimcheka.

Mbele yao mzee mmoja alimwambia muuguzi aliyekaa naye, "Shemeji yangu kaota matiti. Karogwa!"

"Anakunywa ile pombe kali ya enkonyagi, mzee?"

"Kama maji!"

"Basi ni ini hilo! Hata mwanamume ana homoni ya kike kidogo. Ini lina vimeng'enya vinavyoivunjavunja, na vya ukoo huohuo huvunja sumu. Ini likiharibika kwa pombe, kazi zote mbili zinalala; homoni inajaa, matiti yanaota."

"Waitu! Kwa hiyo ini ni shamba la ujamaa?"

"Ndiyo, na shemeji yako anawalewesha wakulima!"

Basi zima likaangua kicheko. Kokugonza alifurahi, maana mumewe naye alikunywa hivyohivyo: kumbe ni ugonjwa, na hospitali ipo Bukoba!

"Mimi nasema karogwa," mzee akashikilia.

Basi likasimama. "Wa kwa mganga!" utingo akaita.

Kokugonza akainuka na kuku wake, akamtazama mumewe. Byabato akafungua kifungo cha kwanza cha koti. "Keti, mama Datius. Huyo kuku naye akaione Bukoba."