Lifungueni Ningali Hai

Sogeeni wote, nyie watoto wangu na nyie wapwa wangu, maana sauti hii haifiki tena mlangoni, na nikikohoa mnisubiri, msianze kutazamana kama watu waliokwisha kufiwa. Shadya mwanangu, niinue kidogo. Basi, hapo hapo.

La shamba ni fupi. Migomba na mikarafuu ya hapa Kinole ni ya ukoo wa mama yangu, inakwenda kwa watoto wa dada yangu, Stambuli na Pili, kama mimi nilivyoipokea kwa mjomba wangu, na wewe Shadya na kaka yako Faraja msininunie, tangu wadogo mnajua ardhi ya huku hairithiwi kwa baba. Nyumba nimeijenga kwa kazi yangu ya ufundi redio. Hiyo ni yenu.

Sasa hilo sanduku la chuma mnalolikodolea macho tangu asubuhi. Mnasema ni mali ya Mjerumani, ndani mna zebaki nyekundu, ile inayosemekana inauzwa kwa mamilioni, na mzee anajifanya haelewi. Astaghfirullah! Nilipewa na mzee Rahemtulla, tajiri wangu wa dukani Morogoro mjini, alipofunga duka akawafuata wanawe ng'ambo, naye alilinunua pamoja na vyuma chakavu vya jeshi. Nimelichunguza miaka na miaka mpaka nikalitambua. Halina spika, halina pa kutafutia stesheni. Limegongwa muhuri wa taji, na taji hilo ni la Mwingereza, Mjerumani hahusiki kabisa. Na lile bomba la shaba la pembe nne ubavuni, mnalodhani ni la kumiminia zebaki, ni njia ya mawimbi mafupi mno ambayo waya wa kawaida hauyawezi. Ni kipimo cha rada, wanangu. Wakati wa vita vya Hitler rada ndiyo iliyoona ndege ya adui ikiwa bado mbali, na mafundi walikuwa wakiipima kwa kitu hiki kuona kama inasema kweli. Basi. Hakitibu mtu, hakimtajirishi mtu. Kile kinachong'aa gizani kwenye mishale yake ni rangi yenye sumu ya mionzi, msiikwangue.

Twalibu aliikwangua. Kitinda mimba wangu, mtoto asiyejua ubaya, aliitia kwenye kichupa akawapelekea wanunuzi wa zebaki kule Mikese, na walipoona sicho walichokitaka wakampiga mpaka roho ikatoka, tukaja kumwokota kando ya barabara kuu. Na aliyemkutanisha na watu hao, Stambuli, ni wewe. Usiiname, nitazame. Nimekaa na jambo hili kifuani huku tukila sahani moja, kwa kuwa u mtoto wa dada yangu, na linaniuma, wallahi linaniuma.

Kwa hiyo lifungueni. Sasa hivi, jua likiwaka, mimi nikitazama, maana nikishakufa atakayelifungua mtasema kaiba, na mtauana. Faraja, chukua bisibisi. Jifunge kitambaa puani, na vioo vyenye mishale usiviguse. Taratibu, skrubu hiyo ina kutu. Haya. Pili, pokea hilo bati, liweke chini. Tazameni nyote. Taa za glasi. Nyaya. Vumbi. Mende mkavu. Kuna kingine? Semeni mbele yangu, kuna kingine?

Umesema nini, Stambuli? Rudia, masikio yamechoka. Kwamba zebaki nilishaitoa... nikaificha.

Ehee.

Basi ngoja nimalize, pumzi inaniishia. Faraja, lifunge, uwapelekee watu wa serikali wanaoshughulika na mionzi, wao wanajua pa kuliweka. Pili, hujakosa lolote, shamba lilime na ugomvi usiuingie. Shadya, leta sikio. Mkininyoosha, sanda ifungwe mbele ya watu wote, kila mtu aone hakuna kilichoingia pamoja nami. Halafu mlale makaburini, wewe na kaka yako, mpokezane... mpaka udongo ushikane. Stambuli atakuja kunifukua kuitafuta, mwanangu. Namjua. Nimemlea mwenyewe.

Nimewapa radhi zangu. Nyote. Na yeye... mwambie na yeye. Mungu awape... Shadya. Maji.