Sahihi ya Mwenye Namba

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la fotokopi, mkabala na geti la ofisi ya kodi. Wenyewe ni mimi, wananiita Karatasi. Breki, dereva wa malori. Na Profesa, aliyekuwa wakala wa forodha mpaka akafutiwa leseni. Mama Parachichi kwa kawaida hunywa kikombe kimoja cha kahawa akiwa amesimama, akaenda zake. Jumanne ile alikaa. Lori la Breki lilikuwa ng'ambo ya barabara, mashine ya baridi ikinguruma, tani kumi za parachichi za Mama ndani, za kuuzwa nje. Bandarini mwisho wa kupokea mizigo ulikuwa saa saba mchana.

— Wamenikatalia kibali cha mzigo, alisema Mama. Wanataka mwenye namba ya mlipakodi aje mwenyewe, asaini mbele yao.

Mwenye namba alikuwa mumewe, na sote tulikwenda kumzika mwezi wa tatu. Tangu hapo Mama amekuwa akisafirisha kwa namba ile ile, leseni ile ile, na kwenye kila fomu anaiga sahihi ya marehemu.

— Umewaambiaje? nikauliza.

— Nimesema amesafiri.

— Si uongo, akasema Breki. Kasafiri kweli.

— Breki!

— Nisamehe, shemeji.

Profesa akakohoa kama mtu anayeanza hotuba.

— Penye nia pana njia. Tunaandika barua: mume anaumwa huko aliko, anamruhusu mkewe asaini. Karatasi anachapa sasa hivi.

— Barua ya nani?

— Ya marehemu. Tunaweka tarehe ya jana.

— Jana aliandika akiwa wapi, Profesa?

— Maiti haulizwi sanda! akadakia Breki, akidhani anasaidia.

Mama aliweka kikombe chini. Kahawa ikamwagikia vidole, wala hakuvifuta. Saa yangu ilisema saa nne na robo.

— Basi twende na mtu kabisa, Breki akaendelea. Binamu yangu anafanana naye. Tunamvisha miwani, anasaini, anaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na alama za vidole?

— Anafungwa bandeji.

— Vidole vyote kumi? Profesa akamaka. Afadhali tuazime leseni. Kuna jamaa anasafirisha vipuri. Parachichi zitoke kama vipuri.

— Vipuri vinavyoiva njiani? nikamuuliza.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja tusiyemjua alikuwa ametoka kwenye foleni ya ofisi, amesimama mlangoni kwangu na pasipoti ya kunakili. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, dada yangu, alimwambia Mama. Hiyo biashara anaiendesha nani?

— Mimi. Mwaka wa tisa huu. Yeye alikuwa mwalimu.

— Sasa mbona haina jina lako?

Profesa, anayejua kila kifungu cha sheria, alitazama viatu vyake. Breki akageukia lori. Mimi nilishika pasipoti ya watu nikasahau kuinakili. Ndipo Mama akafuta kahawa vidoleni.

— Nikiingiza ile namba, kompyuta inaandika "Karibu", halafu jina lake, alisema. Hakuna kwingine anakokaribishwa tena.

Kisha akafungua pochi, akatoa cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne.

— Karatasi, nitolee nakala mbili.

— Shemeji, meli! Breki akapiga kelele. Ukiingia na hicho, saa saba itakukuta humo humo!

— Iende.

Akavuka barabara peke yake.

Saa saba ikapita, na meli ikaenda zake. Humo ndani alikiri sahihi zote, akapewa onyo la maandishi na siku tano za kungoja leseni mpya ya kusafirisha nje. Mzigo uliondoka na meli ya wiki iliyofuata, masanduku tisini yakiwa yametolewa kwa kuiva mno. Wakati ule hatukuyajua hayo. Tulichokiona ni Mama akitoka getini saa tisa, macho mekundu, mkononi karatasi moja.

Breki alimpisha kwenye benchi.

— Wamekutesa, shemeji?

— Hapana. Nililia walipoifunga namba yake. Karani akanisubiri mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza jina la mwenye biashara, nikamtajia langu, herufi moja moja, asije akakosea.