Singe ya Sikhonyane

Marehemu Muziwakhe Mbatha alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 hapa Nquthu, mtoto wa pili wa Mzee Ndabazezwe na Mama MaKhumalo. Mimi, Mphikeleli, ndiye niliyemfuata ziwa. Nimeombwa niseme machache, ingawa marehemu mwenyewe machache hakuyajua.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba. Mwaka 1969 akaajiriwa mgodi wa makaa ya mawe karibu na Dundee, akakaa miaka ishirini na mitatu. Huko, wakichimba mtaro wa bomba, aliokota singe yake ya kwanza, yenye kutu na ncha iliyovunjika. Tangu hapo hatukupumua. Alijifunza mwenyewe kuzitambua: urefu wa upande, umbo la ncha, pete inayoingia mdomoni mwa bunduki, mihuri ya kiwandani. Wazungu walikuja na vitabu vyao, akawasahihisha vitabu.

Tarehe 2 Desemba 1978 alimwoa Thokozile, MaZwane. Siku ya kupeleka ng'ombe, baba mkwe alimuuliza, "Mkwe, nasikia kwako visu vinalala kitandani. Binti yangu atalala wapi?" Akajibu, "Baba, visu vina kabati. Asiye na pa kulala ni mimi." MaZwane anasema hilo kabati hajaliona mpaka leo.

Singe arobaini alizijua zote, kikosi na mwaka. Iliyomshinda ni moja, ya nyumbani, ambayo Sikhonyane, baba wa babu yetu, aliitwaa kwa askari Mwingereza vitani mwaka 1879. Baba aliificha kwenye nyasi za paa, na akiwa hai hakuruhusu mtu aiguse. Alipofariki mwaka 1984 na matanga kwisha, tulifanya ihlambo, tukaziosha silaha za nyumba ili giza la msiba liondoke. Muziwakhe alikuwa zamu mgodini. Aliporudi, singe ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na majivu, inang'aa kama kijiko cha harusi. Namba ya askari iliyochongwa kwenye pete ilikuwa imekwenda na maji.

Jamani, alilia! Hata msibani hakulia vile.

Aliipeleka makumbusho, akitaka jina la Sikhonyane liandikwe kwenye kadi. Wakamwambia bila namba hawawezi kuthibitisha ilitoka vita gani, wataandika "mwenyewe hajulikani".

"Hajulikani?" alifoka. "Mwenyewe ni Sikhonyane kaMbatha! Asiyejulikana ni huyo aliyenyang'anywa!"

Akairudisha nyumbani. Kwa miaka thelathini na mitano aliichungulia kwa kioo, akaipaka chokaa, akaimulika tochi. Kila Krismasi aliuliza, "Nani alisugua?" Sisi sote tukawa tunaangalia sahani.

Makaa yalimharibu mapafu. Alilazwa mwezi Julai 2019, akafariki tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi. Wiki ya mwisho alinishika mkono. "Shandu," akaniita kwa jina la sifa la ukoo wetu, "wewe ulikuwepo. Nani?"

Nikamwambia, "Kaka, hayo ni ya zamani. Kunywa uji."

Ni mimi, ndugu zangu. Nilisugua mimi, tena kwa bidii, nikasifiwa. Na namba niliiona. Ilianza na mbili, ikaishia na saba. Ya katikati sikusoma, nilikuwa nasugua. Pengine tarakimu hizo mbili tu zingemtosha, yeye aliyeweza kujua kikosi kwa mkwaruzo. Nilimnyima kwa kuogopa mdomo wake, na sasa mdomo umefungwa, mimi nimebaki na namba isiyo na wa kumpa. Inaniudhi mpaka basi.

Ameacha mjane, MaZwane, watoto wanne, wajukuu tisa, mimi mdogo wake, na singe arobaini na moja. Siku ya ihlambo lake zitapanguswa kwa kitambaa na mafuta tu. Atakayekuja na mchanga atanikuta mlangoni.

Pumzika kwa amani, kaka. Mbili mwanzo, saba mwisho.